Kabla Hujailaumu Kingamwili, Angalia Ulivyobandua Seli

Malalamiko yanayotufikia mara nyingi zaidi kwenye WhatsApp ya ofisi yanahusu E-kadherini, protini ya juu ya seli. Mwanafunzi wa uzamili amekuza seli za MCF-7, za saratani ya matiti, ambazo zinajulikana kuwa na E-kadherini tele. Amezibandua kwenye chupa kwa tripsini (kimeng'enya kinachokata protini) yenye EDTA, akazitia kingamwili aliyonunua kwetu, yaani protini inayoshika kitu kimoja mahususi, akazipitisha kwenye mashine ya flosaitometria, inayopima mng'ao wa seli mojamoja. Grafu inayotoka imekaa palepale ilipo ile ya seli ambazo hazikutiwa kitu. Anatuandikia: "Kingamwili mliyoniletea imeharibika."

Tunapofuatilia, kwa kawaida kichupa hakina tatizo. E-kadherini yenyewe ilishakatwa na tripsini kabla kingamwili haijafika.

E-kadherini ni protini ya takriban kilodaltoni 120 (kipimo cha uzito wa protini) inayoshikamanisha seli za epitheliamu. Sehemu yake iliyo nje ya seli ina vipande vitano vilivyofuatana, na katika kila maungio hukaa kalsiamu inayoifanya protini isimame wima na kukakamaa. Mkia wake ulio ndani ya seli hushika protini ya beta-katenini, na kwa njia hiyo ukaungana na nyuzi za aktini zinazoipa seli umbo. Mwaka 1977 Masatoshi Takeichi wa Kyoto alionyesha kwamba mshikamano wa aina hii hustahimili tripsini kalsiamu ikiwepo, na hupotea kalsiamu ikiondolewa. Protini zenyewe zilikuja kuitwa kadherini miaka michache baadaye. Sasa fikiria kilichomo kwenye chupa yako: EDTA kazi yake ni kunyakua kalsiamu. Ukiichanganya na tripsini, umeivua protini kinga yake na kuikabidhi kwa kimeng'enya kwa wakati mmoja. Dakika chache za kwenye inkubeta zinatosha.

Ushauri tunaoutoa ni huu. Suuza seli kwa bafa isiyo na kalsiamu, kisha weka bafa yenye EDTA peke yake, bila tripsini, uzirudishe kwenye joto la nyuzi 37. Zikague kwa hadubini kila baada ya dakika chache. Zikianza kujikunja kingo, gonga ubavu wa chupa kwa kiganja, kisha zinyonye na kuzirudisha kwa pipeti taratibu. Ni kazi ya subira kuliko tripsini, na baadhi ya seli zitabaki chini. Ukishazikusanya, ondoa EDTA na uzirudishie kalsiamu kidogo kabla ya kutia kingamwili, kwa sababu zipo kingamwili zinazotambua umbo la E-kadherini pale tu kalsiamu inapoishikilia. Wengine hutumia tripsini kidogo pamoja na kalsiamu. Protini hubaki salama, ila seli hutoka zikiwa mabonge kwa vile bado zimeshikana, na mabonge hayaifai flosaitometria.

Kama swali lako ni iwapo protini ipo na imekaa wapi, sisi tungekushauri usizibandue kabisa. Zikuze juu ya kioo chembamba, zigandishe kwa kemikali (si kwenye friza) na kuzitia kingamwili hapohapo. Kwenye hadubini ya fluoresensi utaona mipaka ya seli imechorwa kwa mwanga, jicho kwa jicho, mfano wa wavu wa kuvulia uliotandazwa. Weka na kioo cha pili chenye seli za MDA-MB-231, ambazo hazina E-kadherini. Nazo ziking'aa, shida iko kwenye utiaji wako au kwenye kingamwili ya pili, ile yenye rangi inayoishika ya kwanza.

Jambo la pili tunaloliuliza ni kloni, yaani ukoo wa seli uliotoa kingamwili. Wateja wengi hutuandikia "naomba anti-E-kadherini" na basi. Tangu Georges Köhler na César Milstein walipounganisha seli B ya panya, inayotengeneza kingamwili, na seli ya saratani mwaka 1975 huko Cambridge, tuna uwezo wa kupata kingamwili zinazofanana kabisa, zote zikitambua sehemu ileile moja ya protini. Hiyo ndiyo nguvu ya kingamwili za monokloni, na ndiyo inayowaponza wasiouliza: sehemu hiyo moja ikiwa imekatwa, imefichika au imeharibiwa na formalini ya kuhifadhia tishu, kingamwili haina pengine pa kushika.

Chukua kloni za E-kadherini. HECD-1 inatambua sehemu ya nje ya E-kadherini ya binadamu. Kloni 36 inatambua mkia wa ndani, kwa hiyo ukiitia kwenye seli hai ambazo hazijatobolewa utando hutaona kitu, hata kama protini imejaa tele. DECMA-1 na ECCD-2 zilitengenezwa kwa panya-buku (rat) dhidi ya E-kadherini ya panya (mouse), na anayefanya kazi na tishu za panya tunamwelekeza huko. Ukitumia kingamwili iliyotoka kwa panya juu ya tishu ya panya, kingamwili ya pili itashika kila kingamwili asilia iliyomo kwenye tishu, na picha nzima itang'aa. DECMA-1 ina jambo jingine: inazuia seli zisishikane. Ukiitia kwenye seli hai kwa nia ya kuangalia tu, umeshaingilia jaribio lako.

Kwa wanaofanya bloti ya Western, inayotenganisha protini kwa uzito, mstari wa kilodaltoni 120 ndio protini kamili. Ukiona mwingine kwenye takriban 80, hasa katika maji yaliyokuzia seli, usikimbilie kusema ni uchafu. Sehemu ya nje hukatwa na vimeng'enya vya mwili na kuelea huru, na kuna watafiti wanaoipima hiyo hasa.

Kwa wateja wetu wa malaria, protini ya kushikamana inayowahusu zaidi ni ICAM-1. Chembe nyekundu zenye kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, huishika kwenye kuta za mishipa midogo ya damu. Mwaka 1997 ilichapishwa taarifa ya badiliko la ICAM-1 lililoonekana kwa wingi katika sampuli za Kilifi, pwani ya Kenya, likaitwa ICAM-1 Kilifi: kwenye nafasi ya 29 ya mnyororo wa asidi amino, lisini imekuwa methionini. Waandishi walilihusisha na malaria ya ubongo, ingawa tafiti za baadaye za sehemu nyingine hazikuafikiana nao. Kwa mnunuzi wa kingamwili, cha kuzingatia ni kwamba badiliko hilo liko kwenye kipande cha kwanza cha protini, na kingamwili nyingi za ICAM-1 hulenga eneo hilohilo. Seli zako zikiwa zimetoka kwa watu wa ukanda wetu, chukua kloni mbili zinazotambua vipande tofauti. Kloni 15.2 huzuia chembe zenye vimelea zisishike. Inafaa kwa jaribio la kuzuia, lakini ya jaribio hilo iagize isiyo na sodiamu azidi (kihifadhi), kwani azidi huua seli. Na seli za mishipa ya kitovu zikiwa zimetulia huonyesha ICAM-1 kidogo tu. Ziamshe kwa TNF, protini inayochochea uvimbe wa kinga, kwa saa kadhaa kabla hujatuandikia kwamba hakuna kitu.

Kuhusu utunzaji: zilizounganishwa na rangi ya kung'aa zikae kwenye friji, gizani, zisigandishwe kamwe. Zisizo na rangi zifuate karatasi iliyokuja nazo, na zikihitaji friza zigawe kwenye vichupa vidogo siku hiyohiyo zinapofika, maana umeme ukikatika na kurudi, kichupa kilekile kikiyeyuka na kuganda tena na tena hudhoofika.

Kingamwili zote tunazouza ni za utafiti. Hospitali inayotaka E-kadherini kwa ajili ya kutenganisha saratani za matiti za lobula (vitezi vya maziwa) na za mirija inahitaji zilizoidhinishwa kwa uchunguzi wa wagonjwa, na hizo hatuna.

Unapoagiza, tuandikie seli au tishu zako zimetoka kwa kiumbe gani, unazibandua au kuzigandisha kwa kitu gani, unatumia mashine ipi, na kingamwili ya pili uliyonayo ni dhidi ya mnyama gani. Tutakujibu kwa jina la kloni, na bei tutaijadili baada ya hapo.