Wanafunzi bora wa uuguzi: mbona wodi haikuulizwa?

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu nikiwa mwanafunzi, na kwa muda wote huo sikuwahi kukuandikia, hata mlipochapisha mambo yaliyonikera. Ripoti yenu kuhusu programu maalumu ya wanafunzi wa shahada ya uuguzi wenye ufaulu wa juu imenishinda. Mwandishi wenu alizungumza na wahadhiri, akazungumza na wahitimu waliovishwa nishani, akaeleza kwa furaha jinsi kila mteule anavyopewa mhadhiri mlezi wake, anavyohudhuria semina za pekee na anavyoandika tasnifu kabla ya kuhitimu. Hakuona haja ya kumuuliza hata muuguzi mmoja wa wodini, ambako takwimu za tasnifu hizo hukusanywa.

Nianze na namna wanavyochaguliwa. Katika programu nyingi za aina hii kinachofungua mlango ni wastani wa alama, mara nyingi 3.5 na kuendelea kwa vyuo vinavyotumia kipimo cha 4.0, pamoja na barua ya mhadhiri na insha fupi ya mwombaji. Sasa, mafunzo kwa vitendo katika vyuo vingi hayapewi alama kabisa: mwanafunzi huandikiwa kwamba amefaulu au hakufaulu, basi. Maana yake ni kwamba saa zote alizokaa kando ya kitanda haziingii katika wastani huo hata kwa nukta moja, na kwamba yule anayetambua mapema kuwa mgonjwa ameanza kuhema kwa kasi ameandikiwa neno lile lile na yule ambaye angepita bila kutambua. Anayefanya kazi usiku ili alipe ada, akasinzia darasani na kupata 3.3, hana lake, hata kama wagonjwa wanamuulizia siku ambayo hayupo.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni jambo nililoliona mwenyewe. Si muda mrefu uliopita, mwanafunzi wa programu kama hiyo aliletwa katika wodi ninayoisimamia ili akusanye takwimu za tasnifu kuhusu vidonda vya mgandamizo, vile vinavyowapata wagonjwa wanaolalia upande mmoja kwa muda mrefu. Alikuwa binti mwerevu na mwenye adabu, na ninasema hivyo bila kejeli. Alikuja na kipimo cha Braden, kilichobuniwa katika miaka ya 1980 na wauguzi wawili, Barbara Braden na Nancy Bergstrom, ambacho humpa mgonjwa alama kati ya 6 na 23 kwa kuangalia mambo sita: kama anahisi usumbufu wa mwili wake, ngozi yake ina unyevu kiasi gani, kama anatoka kitandani, kama anaweza kujigeuza, anakula vipi, na ngozi inasuguliwa kiasi gani na shuka. Kadiri alama zinavyopungua ndivyo hatari inavyozidi. Asubuhi alimpa mzee mmoja aliyepooza alama 11, akaandika pia kwamba kwenye nyonga palikuwa na doa lisilofifia hata likibonyezwa kwa kidole, yaani hatua ya kwanza, ambapo ngozi haijachubuka na madhara yanaweza kuzuilika mgonjwa akiondolewa uzito mahali hapo. Alasiri alirudi, akapima tena, akaandika hatua ya pili. Kati ya vipimo hivyo viwili hakumwambia mtu yeyote. Sisi tulikuwa wauguzi wawili kwa wodi iliyojaa, mmoja wetu yuko na mgonjwa aliyezidiwa, na saa ya kumgeuza yule mzee ilikuwa imepita. Nilipomuuliza binti kwa nini hakutuita, alijibu kwa upole kwamba mhadhiri wake alimwonya asiingilie huduma, kwa kuwa angeharibu takwimu.

Asiharibu takwimu! Nyonga ya mzee iliharibika, takwimu zikabaki salama. Simlaumu binti, kwa sababu alifanya alichoagizwa na watu wanaomsahihishia kazi yake. Nawalaumu walioagiza, ambao katika semina hizo hizo za pekee hufundisha Tamko la Helsinki, lililopitishwa na Chama cha Madaktari Duniani mwaka 1964, linaloeleza kwamba azma ya kupata maarifa mapya haiwezi kamwe kutangulizwa mbele ya haki na maslahi ya mtu anayefanyiwa utafiti. Fomu za binti zilikuwa na kibali cha kamati ya maadili na mihuri yote inayotakiwa. Nilizipitia ukurasa kwa ukurasa, na hakuna mahali palipomtaja muuguzi wa zamu wala kueleza mtafiti afanye nini akiona mgonjwa anadhurika mbele ya macho yake. Tasnifu hiyo, naambiwa, ilipata alama za juu sana. Wodini haikuletwa hata nakala moja, kama ambavyo hazikuletwa zile zilizoitangulia, ingawa dodoso zake tulizijaza sisi, tukiwa tumesimama, wakati wa mapumziko yetu ya chai.

Asidhani mtu kwamba napinga usomi. Nina shahada yangu na ninajua thamani yake. Ripoti yenu ilinukuu utafiti wa Linda Aiken na wenzake, uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la The Lancet baada ya kuchunguza hospitali 300 katika nchi tisa za Ulaya, kwamba kila asilimia 10 ya wauguzi wenye shahada inayoongezeka huambatana na kupungua kwa asilimia 7 kwa uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30 baada ya kulazwa. Ni kweli. Mbona basi mliishia hapo? Utafiti huo huo ulionyesha kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwenye mzigo wa muuguzi huambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano huo huo wa kifo. Nusu ya kwanza huandikwa kwenye vipeperushi vya vyuo. Nusu ya pili ingehitaji kuajiri watu, kwa hiyo haina semina wala nishani.

Kwa kuwa ripoti yenu ilimalizia kwa kuomba maoni, haya ni yangu. Mafunzo kwa vitendo yapewe alama, na alama hizo zitolewe na wauguzi waliokuwa zamu pamoja na mwanafunzi. Tasnifu yoyote iliyofanyika wodini isikubaliwe mpaka mwandishi wake aieleze kwa dakika kumi, saa moja asubuhi, mbele ya wauguzi wanaotoka zamu ya usiku, akiwa amesimama kama wao. Atakayewafanya wabaki dakika ya kumi na moja kwa hiari yao, huyo avishwe nishani, nami nitapiga makofi. Mhadhiri mlezi naye ahudhurie, avae viatu vya kazi, na wakati mwanafunzi wake anajieleza awe anatusaidia kuwageuza wagonjwa. Orodha ya vitanda nitamwandalia.

Muuguzi mfawidhi, wodi ya watu wazima