Nembo Isipewe Unene Kabla ya Mistari Yake Kusafishwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie nembo nzuri za bapa zinazogeuzwa kuwa za pande tatu kwa pupa. Wengi huchukua picha ya pikseli, yaani iliyoundwa kwa vinukta vidogo vya rangi, wakaiongezea kivuli, wakadhani kazi imekwisha.

Kazi yenyewe huanza kwenye mchoro wa vekta, yaani uliochorwa kwa mistari badala ya vinukta, kwa kawaida faili ya aina ya SVG, ambayo programu ya kuunda vitu vya pande tatu kama Blender, inayopatikana bila malipo, huisoma kama mistari iliyopinda. Mistari hiyo ikiwa na nukta zilizorudiwa au njia isiyofungwa, uso wa nembo hutoboka au kukunjamana mara tu inapopewa unene. Kinachosahauliwa zaidi, na kinachoniuma zaidi, ni kingo. Ukingo mkali kabisa haunasi mwanga, hivyo herufi huonekana kama kadibodi iliyokatwa. Ukiukata mshazari kidogo tu, mstari mwembamba wa nuru hutambaa pembeni mwake na jicho likaamini kwamba kitu hicho kina uzito. Ukizidisha, matundu ya herufi kama a na e huzibika.

Si kila nembo inahitaji haya. Volkswagen mwaka 2019 na BMW mwaka 2020 zilirudi kwenye ubapa. Lakini kwa nembo itakayobandikwa ukutani au kutolewa kwa printa ya pande tatu, nawasihi wabunifu waanzie kwenye mistari, na wateja wawakabidhi faili asilia badala ya picha iliyopigwa kwa simu.

Wako,
Mbunifu wa michoro