Riwaya ya kujichapishia iulizwe mhariri wake ni nani

Kwa Mhariri,

Wiki mbili zilizopita msomaji mmoja wa gazeti hili alilalamika katika ukurasa huu kwamba riwaya za Kiswahili ambazo waandishi hujichapishia wenyewe zimejaa makosa, akapendekeza wahakiki na walimu wasijishughulishe nazo mpaka zipitie kwa kampuni ya uchapishaji inayotambulika. Mimi ni mmoja wa waandishi hao. Riwaya yangu ya kwanza niliitoa mwenyewe hapa Nairobi, kwa akiba yangu, na ninaandika kumjibu kwa heshima, kwa sababu nusu ya malalamiko yake ni kweli tupu na nusu nyingine inawaumiza watu wasio na kosa.

Nianze na nusu ya kweli. Nimenunua riwaya za wenzangu ambazo ni dhahiri hazikuguswa na mhariri yeyote. Mhusika ana jina moja katika sura ya tatu na jina jingine katika sura ya saba, mtu aliyezikwa anarudi kunywa chai bila maelezo, na viambishi vya ngeli vinagongana katika sentensi moja. Msomaji aliyetoa shilingi 700 zake kununua kitabu cha namna hiyo ana haki ya kukasirika, na mimi nimekasirika pamoja naye. Hata hivyo, kasoro hizo hazikutokana na mwandishi kumlipa mpiga chapa kwa mkono wake. Zilitokana na mswada kutoka mezani kwa mwandishi na kwenda moja kwa moja mtamboni, bila kupita mikononi mwa mtu wa pili. Hayo ni mambo mawili, na barua ile iliyachanganya.

Mswada wangu nilimaliza kuuandika baada ya miaka minne ya kukesha, nikaupeleka kwa kampuni tatu. Ya kwanza haikujibu. Ya pili ilinishukuru kwa sentensi mbili. Ya tatu iliniita ofisini, na swali la kwanza nililoulizwa lilikuwa: "Hii ni ya kidato cha ngapi?" Nilieleza kwamba si ya kidato chochote, ni hadithi ya mama muuza mitumba wa Gikomba anayelea mjukuu wake baada ya moto kuteketeza kibanda chao. Aliyenipokea alikuwa mtu muungwana na hakunificha kitu. Alisema kampuni yao inaishi kwa vitabu vya shule, na kwamba kitabu ambacho hakitazamiwi kuidhinishwa na Taasisi ya Kukuza Mitaala, KICD, hakina mnunuzi wa jumla. Riwaya teule husomwa na kila mtahiniwa wa Kiswahili katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, ilhali riwaya ya kawaida hutafuta wasomaji wake mmoja mmoja. Akaongeza kwamba mazungumzo ya Sheng ya vijana wa soko yangelazimika kuondolewa yote. Simlaumu, kwani alikuwa na mishahara ya kulipa. Lakini msomaji anapotuambia tungoje kupita kwenye chekeche la kampuni, ajue kwamba chekeche lile hutazama soko la shule kwanza, na mswada mzuri usiofaa darasani huachwa nje pamoja na mbovu.

Nilipoamua kujichapishia, kitu cha kwanza nilichokilipia kilikuwa macho ya mtu mwingine. Nilimpata mwalimu mstaafu wa Kiswahili anayeishi Buruburu, tukapatana shilingi 35,000, nikazituma kwa M-Pesa kwa awamu tatu. Mswada ulirudi baada ya miezi miwili ukiwa mwekundu kwa wino. Katika ukurasa wa kwanza kabisa nilikuwa nimeandika, "Alichukua matatu ya saa kumi na moja alfajiri." Mwalimu alilikata neno "alichukua", juu yake akaandika "alipanda", na pembeni akaeleza: "Matatu ndiyo huchukua watu." Mahali pengine nilikuwa nimetumia "mwisho wa siku" nikiwa na maana ya hatimaye, naye aliuliza kando ya mstari, "Siku gani?" Nilihesabu baadaye nikakuta nimelirudia kosa hilo mara kumi na mbili. Nimezaliwa na Kiswahili, nimekizungumza maisha yangu yote, na sikuwa nimeyaona makosa hayo kwa miaka minne.

Kuhusu Sheng, mwalimu hakuniondolea hata neno moja bila kunieleza sababu. Kila palipokuwa na usemi wa vijana aliniuliza kama msomaji wa Pemba au wa Kigoma angeufuata, na kama hangeufuata, alinitaka maana ijitokeze katika jibu la mhusika mwingine, si katika maelezo ya mwandishi. Kwa hiyo mjukuu anaposema, "Shosho, leo hakuna ganji," nyanya yake hujibu, "Pesa zingekuwepo ningekuwa nimekaa hapa na jua hili?" Msomaji ameelewa ganji ni nini, na hadithi haikusimama. Kisha aliniondolea sura ya tano yote, kurasa kumi na nne, kwa kuwa ilikuwa hotuba yangu kuhusu ardhi ya Gikomba niliyomtwika nyanya wa watu kinywani. Nilinuna siku tatu. Siku ya nne niliisoma riwaya bila sura ile nikaona inatembea vizuri zaidi.

Ninayasimulia haya kwa urefu kwa sababu ndiyo kiini cha barua yangu. Kazi hii ya mwalimu ndiyo inayokifanya kitabu kuwa kitabu, nayo inaweza kufanyika ndani ya kampuni au sebuleni Buruburu.

Sitaficha kwamba kuna kazi nyingine za kampuni ambazo mwandishi wa kujitegemea hujifunza kwa hasara. Riwaya yangu ilipigwa chapa katika kiwanda kidogo karibu na barabara ya Kirinyaga, nakala 500, kurasa 208. Kitabu cha aina hiyo hakichapishwi ukurasa mmoja mmoja. Karatasi kubwa hupigwa chapa pande zote mbili, ikakunjwa kuwa fungu la kurasa 16. Mafungu 13 yakapangwa kwa mfuatano, yakatiwa gundi mgongoni, yakavishwa jalada, kisha kingo zikakatwa. Mwezi mmoja baada ya kuanza kuuza nilipigiwa simu na mama mmoja wa Nakuru, ambaye aliniuliza kwa upole kama nilikusudia moto usionekane. Sikumwelewa. Ndipo akanisomea nambari za kurasa: alipofika ukurasa wa 96 alirudishwa wa 81, akafika tena 96, kisha akarukia 113. Fungu la sita lilikuwa limewekwa mara mbili na la saba likasahaulika, na katika fungu la saba ndimo kibanda kinamoungua. Usiku ule mimi na binti zangu tulifungua maboksi yote sebuleni tukazikagua nakala moja baada ya nyingine. Pamoja na zile walizonirudishia wasomaji, mbovu zilikuwa 37. Mpiga chapa alizibadilisha baada ya mvutano wa wiki sita. Tangu siku hiyo sipokei boksi kabla ya kufungua nakala na kutazama mwanzo wa kila fungu.

Hesabu ya fedha nayo niiweke wazi, maana wapo wanaodhani tunajichapishia kwa tamaa ya faida. Uchapaji uligharimu shilingi 120,000, na ilipoongezwa kodi ya VAT ya asilimia 16, ambayo sheria ya mwaka 2013 iliileta kwenye vitabu, bili ikawa shilingi 139,200. Mhariri, jalada na upangaji wa kurasa vilichukua shilingi 53,000. Kila nakala basi ilinigharimu shilingi 384 na senti 40. Duka moja la katikati ya jiji lilichukua nakala 40 kwa mali kauli, likajitengea asilimia 40 ya bei ya shilingi 700, na likanilipa baada ya miezi minane. Katika kila nakala iliyouzwa pale nilibaki na shilingi 35 na senti 60, kabla ya kutoa nauli ya kuzipeleka. Mwandishi mwenye mkataba, akipata mrabaha wa asilimia 10, angepokea shilingi 70 kwa bei hiyohiyo bila kugharimia chochote. Nakala zilizonirudishia pesa ni zile nilizouza mkono kwa mkono, kanisani, kazini, na zile nilizotuma kwa parseli za matatu hadi Nakuru, Kisumu na Voi. Katika hali hiyo, mwandishi anayebana matumizi hupunguza kwanza kile kisichoonekana kwenye jalada, naye ni mhariri. Sikubaliani na uamuzi huo hata kidogo, ila naelewa unakotoka.

Wala jambo hili si geni jijini humu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwandishi David Maillu alianzisha kampuni yake ya uchapishaji, Comb Books, hapa Nairobi, akaandika na kuchapisha vitabu vyake mwenyewe, na vikanunuliwa kwa wingi na watu wa kawaida huku wasomi wengi wakivibeza. Tukirudi nyuma zaidi, kwenye Kiswahili chenyewe, mashairi ya Muyaka wa Mombasa hayakuwa na kampuni iliyoyachapisha akiwa hai. Yalihifadhiwa vinywani mwa watu, na miongo kadhaa baadaye Mwalimu Sikujua akasaidia kuyakusanya na kuyaeleza. Hata huko alikuwapo mtu wa pili, mjuzi wa lugha, aliyeyapitia maneno kwa makini kabla ya kutufikia sisi.

Ndiyo sababu ninapendekeza kipimo tofauti na kile cha msomaji wako. Nembo ya kampuni haitoshi, na ISBN, ile nambari ya kukitambulisha kitabu, pia haitoshi, kwa kuwa Huduma ya Maktaba za Kitaifa huitoa kwa kampuni kubwa na kwa mwandishi mmoja mmoja vilevile. Zile tarakimu 9966 tunazoziona baada ya 978 hutuambia tu kwamba kitabu kimetoka Kenya. Mhakiki au mwalimu anayeshika riwaya ya kujichapishia afungue ukurasa wenye hakimiliki na atafute jina la mhariri. Likiwapo, yupo mtu aliyejitolea kuwajibika, na kitabu kisomwe kama vingine. Lisipokuwapo, ana haki ya kumuuliza mwandishi sababu kabla ya kutoa pesa zake. Wenzangu waandishi nao ninawasihi, hasa wale wanaotoa kitabu cha kwanza: afadhali kuchapisha nakala 300 zilizohaririwa kuliko 500 ambazo hazikuhaririwa, na jina la aliyehariri liandikwe, kwa kuwa wahariri wetu wa Kiswahili wanafanya kazi kubwa bila kutajwa popote. Wengi wao ni walimu wastaafu ambao pensheni yao haitoshi, na jina lililoandikwa kitabuni ndilo linalowaletea mswada unaofuata.

Kwako wewe Mhariri nina ombi moja. Ukurasa wako wa uhakiki wa vitabu, kwa muda wote ambao nimeufuatilia, umeshughulikia zaidi vitabu vinavyosomwa shuleni. Naomba angalau mara moja kwa mwezi upewe riwaya moja ya kujichapishia, ichambuliwe bila kuonewa huruma. Sitataja jina la riwaya yangu, kwa kuwa barua hii si tangazo. Nimeacha nakala mbili kwenye mapokezi ya ofisi yako Jumanne, pamoja na kurasa kumi za mswada wa awali zenye wino mwekundu wa mwalimu, kwa idhini yake, ili mhakiki wako aone kilichobadilika kati ya meza yangu na mtambo. Nakala zote mbili nimezikagua hadi ukurasa wa 208. Akikuta kosa tulilolipita mimi na mwalimu, alitaje gazetini pamoja na nambari ya ukurasa, nami nitalirekebisha katika toleo la pili.

Mwandishi wa riwaya,
Umoja, Nairobi