Kanuni ya sita sikuitilia saini

Mhariri,

Wiki iliyopita binti yangu, aliye Kidato cha Tatu katika shule moja ya hapa Lamu, alirudi nyumbani na karatasi yenye kichwa "Kanuni za Darasa la Fasihi", ambayo mzazi alitakiwa kuisoma na kuitia saini kabla haijarudishwa kwa mwalimu. Kanuni zenyewe ni kumi na moja. Kwa nyingi kati yake sina ila shukrani, lakini iko moja, ya sita, ambayo mkono wangu ulikataa kuiandikia, nami naomba nafasi katika ukurasa wako nieleze sababu, kwa kuwa nimesikia kwa wazazi wengine kwamba si shule hiyo peke yake yenye sharti la namna hii.

Zile nilizozikubali nitazipitia kwa haraka. Simu zisiingie darasani: sawa. Anayenakili kazi ya mwenzake aanze upya: sawa kabisa. Kuhusu kuchelewa sina neno, isipokuwa mwalimu akumbuke kwamba wako watoto wanaovuka maji kila asubuhi, na maji kupwa hayangoji kengele. Iliyonifurahisha zaidi ni ya tatu, inayosema kwamba mwanafunzi asome sura iliyopangwa kabla ya kipindi, aje na swali moja aliloliandika mwenyewe, na kwamba mwongozo hautafunguliwa mpaka kitabu chenyewe kimalizwe. Hapo mwalimu amegusa donda lenyewe, kwani siku hizi utamkuta kijana anayekutajia maudhui ya riwaya na sifa za wahusika wake wote bila kujikwaa, na riwaya yenyewe hajapata kuifungua.

Sasa hiyo ya sita. Inaagiza kwamba katika kipindi cha fasihi mwanafunzi atazungumza Kiswahili sanifu pekee, na atakayetumia sheng au Kiamu, lahaja yetu ya hapa Lamu, atakatwa alama mbili katika zoezi la wiki. Naielewa nia ya mwalimu. Mtihani wa taifa huandikwa kwa Kiswahili sanifu, na Karatasi ya Tatu, ambayo ndiyo ya fasihi, ina alama 80 ambazo hakuna mzazi anayetaka zipotee kwa uzembe wa lugha. Katika insha na majibu yaliyoandikwa, mwalimu na atie wino mwekundu apendavyo, mimi nitakuwa upande wake. Lakini kuzungumza darasani juu ya shairi ni jambo jingine, na kukitia Kiamu kapu moja na sheng ni kutojua kilichomo ndani ya kapu.

Tukumbuke kwamba usanifu huu una tarehe. Mwaka 1928 wajumbe waliokutana Mombasa walikubaliana kwamba Kiunguja, lahaja ya Unguja, kiwe msingi wa Kiswahili cha shule na vitabu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kuisimamia kazi hiyo katika nchi za Afrika Mashariki. Uamuzi ule ulikuwa na manufaa yake, wala siupingi. Ila tenzi kubwa za visiwa hivi zilikuwa zimekwisha kutungwa na kuhifadhiwa vifuani zamani sana kabla ya hapo, na hazikutungwa kwa Kiunguja. Mwana Kupona, mzaliwa wa Pate, alimtungia binti yake wasia wake wa ushairi mwaka 1858, na lugha aliyoitumia haiko mbali na ile ambayo mama mkwe wangu huitumia hadi leo akiwaita wajukuu wale chakula. Mtoto wa Lamu anapofika kwenye utenzi kama huo, hahitaji faharasa kwa nusu ya maneno, hali mwenzake wa bara analazimika kuyatafuta moja moja. Kanuni ya sita inamtaka aiache faida hiyo mlangoni pamoja na simu yake.

Liko pia jambo la ufundi, ambalo naamini mwalimu analijua kuliko mimi. Beti ikiwa imefungwa kwa "mato", "moto" na "mapito", kina chake ni -to. Mlazimishe mtoto asome "macho" kwa sababu ndiyo sanifu, na kina kimevunjika mbele ya darasa zima. Na hapa ndipo ninapoona kichekesho: miongoni mwa mambo ambayo wanafunzi hukaririshwa chini ya idhini ya mshairi, yaani ruhusa yake ya kukiuka kanuni za lugha, pamoja na inkisari (kufupisha neno), mazida (kulirefusha) na tabdila (kubadili sauti zake), limo matumizi ya lahaja. Kwa maneno mengine, akiitambua lahaja katika shairi atapewa alama, na akiitamka kwa ulimi wake atanyang'anywa mbili.

Sikatai kwamba kutoelewana kupo. Binti yangu ananiambia kwamba mwenzake mmoja alieleza kuwa mhusika "aliteka sana" aliposikia habari fulani, na mwalimu, ambaye si mtu wa pwani, akauliza aliteka maji au aliteka watu. Darasa zima likacheka, au tuseme likateka. Kwangu mimi hilo lilikuwa somo zuri la fasihi lililojileta lenyewe: neno moja, maana mbili, na sababu ya kuuliza kila lahaja inavyolitumia. Nasikia kanuni ya sita iliandikwa wiki iliyofuata.

Ninachopendekeza ni kidogo. Kanuni igawanywe: maandishi yote yawe ya Kiswahili sanifu, na adhabu yake ibaki; lakini katika mjadala na katika kusoma shairi kwa sauti, mwanafunzi aruhusiwe kutumia Kiamu, kwa sharti kwamba akiulizwa aweze kusema neno hilo huitwaje katika sanifu. Kijana anayeweza kuvuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili na kurudi ameifahamu lugha kuliko yule anayenyamaza kwa kuchelea alama zake. Ikiwezekana, siku ya kusoma utenzi aalikwe mmoja wa akina bibi wanaoujua kwa moyo, ausome wanafunzi wakiwa na maandishi mbele yao, ili wasikie mizani kabla ya kuihesabu kwa vidole.

Karatasi nimeirudisha ikiwa na saini kwenye kanuni kumi, na nafasi ya ile ya sita nimeiacha tupu. Mwalimu ameniita shuleni Jumatatu saa nne, nami nitakwenda.

Mzazi,
Mkomani, Lamu