Maadili yafundishwe pamoja na programu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna tunavyowaandaa vijana wanaoandika programu za kompyuta, kazi ninayoifundisha katika chuo kimoja hapa Mbeya.

Mwaka jana shemeji yangu, anayenunua viazi Uyole na kuvipeleka Dar es Salaam, aliomba mkopo kwa simu. Kabla hajamaliza kushona mdomo wa gunia lililokuwa mbele yake, jibu likaingia: “Hujakidhi vigezo.” Vigezo gani, hakuelezwa, wala hapakuwa na mtu wa kumuuliza. Programu za namna hiyo humpima mwombaji kwa mzunguko wa fedha katika laini yake, na laini ya mfanyabiashara wa viazi hujaa miamala wakati wa mavuno, kisha hukaa kimya kwa miezi. Nadhani ukimya huo ndio uliohesabiwa kuwa ufukara. Miaka tisa ya marejesho yasiyochelewa imo katika daftari la kikoba chao cha kuweka na kukopa, lenye jalada lililolowa mafuta ya taa, na hakuna kompyuta iliyowahi kulisoma.

Aliyeandika programu ile huenda ni kijana mwema kabisa. Anaweza hata kuwa mwanafunzi wangu, na hilo linaniuma, kwa kuwa miaka yote nimetoa alama kwa programu inayofanya kazi haraka, bila kuuliza ni nani ataumia ikikosea.

Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu za kampuni tatu zinazotambua jinsia kwa picha ya uso. Moja iliwakosea wanawake wenye ngozi nyeusi kwa asilimia 34.7, ilhali kwa wanaume weupe hakuna iliyokosea zaidi ya asilimia 0.8. Kosa kubwa hivyo lilikuwa limejificha ndani ya wastani mzuri.

Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayogusa pia maamuzi yanayofanywa na mashine, lakini programu ambayo haikujengwa ili itoe sababu haitaitoa.

Kwa hiyo maadili yasiwe kipindi cha mwaka wa mwisho kinachokaririwa kwa ajili ya mtihani. Naziomba TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu, na NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi, zidai kila mradi wa mwanafunzi uoneshe umejaribiwa kwa watu gani, nani ameachwa nje, na aliyekataliwa atamlalamikia nani. Mimi muhula ujao nitawapeleka wanafunzi wangu Uyole, wakae na wauza viazi na daftari lao kabla hawajaandika mstari wa kwanza.

Mwalimu wa kompyuta,
Mbeya