Picha ya majira ya baridi hupigwa ukiwa njiani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie tabia inayojitokeza miongoni mwetu tunaopiga picha za mandhari katika nchi zenye theluji: kuiacha njia iliyotengwa kwa watembeaji na kukatiza msituni au katikati ya kinamasi kilichoganda, kwa imani kwamba picha ya maana iko kule ambako hakuna aliyekanyaga. Mimi naona kinyume chake. Katika majira ya baridi kuliko majira mengine yoyote, picha bora hupatikana mtu akiwa amesimama njiani, na wengi wanaoiacha njia hiyo wanakimbia udhaifu wa kamera zao wakidhani ni upungufu wa mandhari.

Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera huchukulia kwamba chochote kilicho mbele yake kina weupe na weusi wa wastani, yaani kijivu. Kikielekezwa kwenye uwanda wa theluji huona mwanga umezidi, hivyo huupunguza, na theluji hutoka na rangi ya majivu huku miti ikionekana kama imepakwa masizi. Mpiga picha akitazama kioo cha kamera yake huamini kwamba mahali penyewe pamepooza, naye huanza kusaka kitu cha kushtua zaidi huko ndani. Dawa yake haimtaki asogee hata hatua moja: aongeze mwanga kwa stopu moja hadi mbili (kila stopu huongeza mwanga maradufu) juu ya kiwango ambacho kamera imependekeza, kisha aangalie histogramu, yaani grafu ya kamera inayoonyesha mgawanyo wa weusi na weupe katika picha, ili weupe usipitilize hadi theluji ikapoteza chembechembe na mikunjo yake. Vivuli vya buluu, ambavyo wengi huharakisha kuvifuta wanapohariri, navyo si kosa, kwa kuwa sehemu isiyofikiwa na jua huangazwa na anga la buluu, na anayevifuta kabisa huiondolea picha baridi yake.

Hilo likisharekebishwa, njia ile ile iliyodharauliwa inakuwa na mengi. Majani yakiwa yamepukutika, jicho hupenya mbali kati ya mashina, na umbo la bonde au ukingo wa bwawa ambao wakati wa joto ulifichwa kabisa na vichaka huonekana wazi. Jua nalo halipandi juu: kwenye latitudo ya nyuzi 60 kaskazini, siku fupi kuliko zote mwezi Desemba, saa sita mchana jua huwa takriban nyuzi 6 na nusu tu juu ya upeo wa macho, kwa hiyo ule mwanga wa ubavuni ambao wakati wa kiangazi hutulazimu kuamka alfajiri hudumu karibu mchana wote. Ukungu wa baridi kali unapoganda juu ya matawi, barafu yake hukua kuelekea upande unakotoka upepo, hivyo anayejua upepo ulivuma kutoka wapi anajua pia asimame upande gani wa mti. Kwenye daraja la mbao linalopita juu ya matete, mtu akiinama tu ataona jambo ambalo wapita njia wengi hulikosa: maji yakiganda kisha yakapungua chini ya barafu, kila unyasi hubaki umevaa kola ya barafu inayoning'inia juu ya maji, nyembamba kama kioo cha saa, yenye mistari inayoonyesha jinsi maji yalivyoshuka. Picha ya namna hiyo huwezi kuipiga ukiwa umekwishakanyaga matete hayo.

Kuhusu betri sitasema mengi: ya akiba ikae mfuko wa ndani karibu na mwili, na kamera ifungwe ndani ya mfuko wa plastiki kabla ya kuingizwa kwenye chumba chenye joto ili matone ya unyevu yasijikusanye juu ya lenzi.

La hatari ni barafu yenyewe. Sentimita 10 zinazotajwa mara kwa mara kuwa zinamtosha mtu anayetembea kwa miguu zinahusu barafu mpya, angavu na ngumu, ilhali barafu nyeupe iliyochanganyika na theluji ina takriban nusu tu ya nguvu hiyo. Katika ardhioevu, kando ya matete, kwenye chemchemi na pale kijito kinapoingilia, barafu huwa nyembamba, na theluji iliyo juu yake huificha na kuizuia isinenepe. Mtu aliyeziba jicho moja kwa kamera si wa kutegemewa kugundua ufa.

Wanyama nao wana hesabu yao. Baadhi ya ndege wa jamii ya kwale katika misitu ya kaskazini hujifukia ndani ya theluji ili kupata joto, na kila wanapokurupushwa hutumia nguvu ambayo siku fupi haiwaruhusu kuirudisha kwa urahisi. Waliokwisha kuona picha za korongo wenye utosi mwekundu wakiwa ndani ya mvuke wa mto huko Hokkaido, Japani, wajue kwamba nyingi zake hupigwa alfajiri kutoka Daraja la Otowa, ndege wakiwa mbali majini, na sijawahi kusikia mtu akizilalamikia kwamba hazina mvuto.

Tarehe 2 Februari, siku ambayo Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kuhifadhi ardhioevu, ulitiwa saini mwaka 1971, huadhimishwa kama Siku ya Ardhioevu Duniani, nayo huangukia katikati ya baridi ya kaskazini, wakati ambapo picha za aina hii hupewa nafasi magazetini. Ombi langu kwako, Mhariri, ni mambo mawili: chini ya kila picha ya mandhari ya theluji mtakayoichapisha pawekwe sentensi moja inayosema mpiga picha alisimama wapi, na picha inayoonyesha mahali ndege wanapolala isitajwe jina la eneo kwa usahihi unaomwezesha msomaji kwenda moja kwa moja hadi hapo.

Wako,
Msomaji na mpiga picha wa mandhari