Taa ya oili ikiwaka, pimeni presha kabla ya kufungua injini

Mhariri,

Taa ya oili ikiwaka kwenye pikapu, lori au matatu ya dizeli, mwenye gari hapa Nakuru hupewa jibu moja kati ya mawili: kranki (mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini) imeisha, injini ishushwe, au amwage oili nzito zaidi, taa itazima. Majibu hayo hutolewa kabla mtu yeyote hajapima presha yenyewe. Tunaomba nafasi tueleze utaratibu unaofaa, kuanzia pasipo na gharama.

Kwanza zima injini. Usijikokote hadi gereji, kwa maana beringi (bamba laini ambalo kranki huzungukia) ikikosa oili huungua kwa dakika chache. Vuta kijiti cha kupimia oili. Oili ikiwa chini, huenda jibu ni hilo tu. Ikiwa imepita alama ya juu na inanuka dizeli, imeingiwa na dizeli ikawa nyepesi: kagua nozeli, kiwambo cha pampu ndogo inayovuta dizeli kutoka kwenye tangi, na sili ya pampu kubwa kama inaendeshwa kwa gia. (Pampu ya mkanda ikivuja, dizeli hudondokea nje na utaiona.) Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji, na hiyo ni kesi ya gasketi ya hedi au kipoza oili.

Halafu swichi ya presha ya oili, ile inayowasha taa. Washa ufunguo bila kupiga stata, chomoa waya: taa izime. Gusisha waya kwenye chuma cha injini: iwake. Isipozima, waya umechubuka mahali unagusa bodi. Kumbuka pia kwamba swichi nyingi huwasha taa presha ikishuka kati ya psi (kipimo cha presha) 7 na 4 hivi. Kwa hiyo taa iliyozima haithibitishi kwamba injini ni nzima.

Kazi yenyewe ni ya geji ya mkono. Toa swichi, funga geji mahali pake. Injini nyingi za Kijapani hutumia thredi ya BSPT ya 1/8, na kiungo cha thredi nyingine kisilazimishwe. Kisha pasha injini moto kikweli. Maji huwahi kupata moto kuliko oili, hivyo sindano ya joto kufika katikati hakutoshi. Endesha nusu saa ikiwa na mzigo: ukiwa Nakuru panda kuelekea Mau Summit, ukiwa Kisumu panda kutoka Mamboleo hadi Kiboswa. Ndipo usome geji, kwanza injini ikinguruma bila kukanyagwa, halafu kwa mizunguko 3,000 kwa dakika.

Wengi hukosea hapa. Kipimo cha mafundi ni psi 10 kwa kila mizunguko 1,000, lakini vitabu vya Toyota vya injini kama 2L na 3L vinakubali hata psi 4.3 ikinguruma, mradi kwa mizunguko 3,000 ifike kati ya 36 na 85. Injini ya aina hiyo inayoonyesha psi 10 kwenye foleni ya Kondele, Kisumu, saa nane mchana haijafa.

Presha ikiwa nzuri asubuhi, ikaanguka injini ikipata moto na isifikie kiwango hata ukikanyaga, shuku nafasi iliyozidi kwenye beringi, au pampu iliyolika. Ikiwa hafifu hata injini ikiwa baridi, valvu ya kupunguza presha huenda imekwama wazi. Sindano ikitetemeka, pampu inavuta hewa, mara nyingi kwa sababu ya o-ringi au gasketi ya bomba la kuvutia oili. Na ikiwa presha hushuka baada ya mwendo mrefu, kisha hurudi ukizima injini robo saa, chujio la ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) limezibwa na tope, na mara nyingi pia na vipande vya silikoni ambayo fundi aliipaka kupita kiasi alipofunga sampu.

Makosa mengi kati ya haya hufikiwa kwa kufungua sampu tu, injini ikiwa garini. Safisha chujio, badilisha o-ringi, hakikisha pistoni ya valvu inateleza yenyewe. Kata filta ya zamani, ukunjue karatasi yake: chembe zinazong'aa zisizoshikwa na sumaku huenda ni za beringi. Fungua kepu (vifuniko vya beringi) moja moja, usizichanganye. Beringi iliyoonyesha rangi ya shaba imekwisha, na nafasi inayozidi milimita 0.10 ni kubwa mno kwa injini nyingi za ukubwa huu. Kabla ya kuweka beringi mpya, pima kranki kwa maikromita pande mbili. Ikiwa imekuwa yai, beringi mpya hazitadumu, na hapo ndipo ichongwe milimita 0.25 au 0.50. Ukirudisha pampu, ijaze oili kwanza, la sivyo itazunguka bure bila kuvuta.

Oili nzito hupandisha sindano kwa sababu haipiti upesi, lakini nafasi kwenye beringi haipungui. Asubuhi ya baridi Molo au Timboroa, oili hiyo huchelewa kufika kwenye roka (mikono inayofungua valvu) na turbo. Kwa nyingi ya injini hizi 15W-40 inatosha.

Wauzaji wa injini kuukuu wanaijua hila hii vizuri. Injini huwashwa ikiwa chini, baridi, kwa dakika mbili, na geji husoma 60. Mnunuzi adai ijaribiwe garini ikiwa moto, na vipimo vyote viwili, cha kunguruma na cha mizunguko 3,000, viandikwe kwenye risiti pamoja na aina ya oili iliyomo. Muuzaji akikataa, mwachie injini yake.

Mafundi wa dizeli,
Nakuru